Seli Zilizogoma Rangi

Seli ziligoma tena.

Alizikodolea macho kwenye hadubini mpaka kope zikaanza kumcheza, lakini zilibaki vilevile, zimejazana kama mchanga wa mtoni, zimepauka, hazina wekundu wala ubuluu. Alikitoa kioo kilichozibeba, akakifuta kingo, akakirudisha. Mchanga uleule.

"Shikeni basi," alizinong'oneza. "Mnanitakia nini?"

Miaka yote ya ufundi wake wa maabara hakuwahi kubembeleza seli. Lakini hizi zilikuwa za mdogo wake, wa tumbo moja. Zilitoka kwenye uvimbe uliomwota kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Madaktari walikuwa wameudokoa tu, maana sehemu kubwa ilijibana kwenye mishipa ya macho, mahali ambapo kisu hakifiki.

Mdogo wake alikuwa fundi rangi wa nyumba, na mtaa mzima ulimwita Brashi. Ugonjwa ulimwanza kazini. Mteja alitaka ukuta wa kijivu, yeye akaupaka rangi ya matofali, kisha akasimama mbele yake na kuapa kwamba hajakosea kitu. Watu walicheka, wakadhani kalewa. Baadaye magari yakawa yanamshtukiza barabarani kana kwamba yamechomoka ardhini, na waliocheka wakanyamaza.

Daktari mkuu wa maabara, mzee mpole asiyezunguka maneno, alimweleza mambo yalivyo. Seli zile zikishika rangi nyekundu, kuna dawa ya kujaribu, na huenda uvimbe ukanywea. Zikigoma rangi zote, basi ni kromofobi, na kwa uvimbe wa namna ile hakuna dawa ya kumpa.

Chuoni neno hilo liliwachekesha. Kromofobi, seli zenye kichwa kigumu! Unaziloweka kutwa nzima, zinatoka kama bata majini. Leo halikumchekesha hata kidogo.

Aliinua chupa ya rangi, akaielekeza dirishani. Mbona nyepesi hivi? Mbona kama imechakachuliwa? Hasira zikampanda. Alitoka mbio kwenda stoo, na ukumbini akaipiga teke ndoo ya mama wa usafi, maji yakatapakaa.

"Taratibu, mwanangu! Ndoo yote hii huioni?"

"Nisamehe, mama. Usiku kucha sijafumba jicho."

"Pole. Twambie mgonjwa yukoje."

Aliisimamisha ndoo. Akaenda zake.

"Mmetuletea maji," alimfokea mtunza stoo, akamwekea chupa mezani kwa kishindo.

"Maji gani, dada? Nilipoifungua imenirukia, ikaniharibia shati. Mke wangu atanila mzima!" Mtunza stoo akalivuta shati mbele ili alione.

Aliliona doa hafifu, kama la vumbi. Aliona anafanyiwa mzaha siku ambayo hakuwa na moyo wa mzaha.

"Nipe nyingine, na usinichezee."

Alipewa chupa ambayo haijafunguliwa. Akakata kipande kipya chembamba cha nyama ya uvimbe ule, akakiloweka, akakisuuza, akakikausha. Ni kazi aliyozoea kuifanya huku anapiga soga; leo alihesabu kila hatua. Akainamia hadubini.

Mchanga.

Simu ikalia. Brashi.

"Dada, vipi? Zimeshika?"

"Bado naziloweka."

"Ziambie mwenye nazo ni fundi rangi. Zisinitie aibu." Alicheka, kile kicheko chake cha kutoa watu wasiwasi. Nyuma yake sauti ya mama yao ikasikika, "Amesemaje? Muulize vizuri, amesemaje?"

"Mwambie mama nitapiga," alisema, akakata simu.

Aliketi kidogo. Angeweza kurudia tena, na tena, mpaka nyama yote iishe. Hakuna kilichobaki mikononi mwake cha kumfanyia mdogo wake isipokuwa kusema ukweli. Akakichukua kioo, akagonga mlango wa daktari mkuu.

"Ni kromofobi, daktari. Nimerudia hadi basi. Nimebadilisha hata chupa."

Mzee akakipokea kioo, akakipachika, akainama. Yeye akasimama kando akitafuta maneno ya kumwambia mama yake.

"Nani kakwambia zimegoma?" Daktari aliinua kichwa, uso umemchangamka. "Nyekundu tupu hizi! Zimekolea kila kona! Mpigie mdogo wako sasa hivi, mwambie dawa ipo."

"Daktari, usinifariji. Nimeshinda nazo tangu asubuhi."

"Hebu njoo utazame mwenyewe."

Akainama. Alitazama kwa jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto.

"Kijivu," alisema. "Kote ni kijivu."

Tabasamu likamkauka mzee. Alimvutia kiti, akamshika mabega na kumkalisha polepole.

"Binti yangu," alimuuliza, "na wewe yamekuanza lini?"