Daraja la Mchwa

Penye njia panda ya mbugani wanyama walikanyagana kila siku, mpaka wakaitisha harambee ya udongo wajenge daraja la kupishana. Tembo, mgeni rasmi, akaahidi kilima kizima baada ya mvua.

"Mpaka mchango wangu ufike, njia ifungwe!"

"Isifungwe, mzee," alisema Mchwa. "Tutajenga adhuhuri, mkiwa mmelala kivulini."

Tembo alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kwa vimate hivyo?"

Mchwa aliwapanga ndugu zake kwa zamu, kila mmoja na tonge lake la udongo.

Mvua zilipokwisha, Tembo akafika na mzigo mgongoni. "Nimekuja! Ujenzi uanze!"

Mchwa akatokeza, kifua mbele. "Shikamoo, mzee. Shusha mzigo bila wasiwasi. Umesimama juu ya daraja, na nyati wanapita chini yako."