Mfuniko wa Bi Rukia

Kila Ijumaa, kila mfanyakazi lazima ampe mwajiri wake wazo moja jipya. Asiyetoa, Jumatatu hana kazi. Na likishapokewa, wazo ni mali ya kampuni. Mwingine haruhusiwi kulitumia, hata nyumbani kwake.

Ijumaa hiyo Mwanamkasi alikuwa mtupu kabisa. Saa tisa, roho mkononi, akaandika jinsi mama mkwe wake, Bi Rukia, anavyombembeleza mjukuu: anasugua mfuniko wa sufuria kwa mwiko, polepole, unavuma, mtoto analala. Mashine ya kupokea mawazo ikawaka kijani. Akashusha pumzi.

Jioni mtoto akaangua kilio. Bi Rukia akachukua mfuniko na mwiko.

"Mama, usifanye hivyo!" Mwanamkasi akamdaka mkono, macho yake kwenye kisikilizi cha serikali kilichoning'inia darini, kikinasa kila sauti ya nyumba.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nimeshawapa kazini."

Bi Rukia akaweka mwiko chini na kumpakata mtoto.

"Geukia ukutani, usije ukawapa na hili," alisema.

Mwanamkasi akageuka. Nyuma yake Bi Rukia alianza kumpulizia mtoto sikioni, taratibu, na kilio kikafifia.

Pumzi tatu, kimya, pumzi mbili. Mwanamkasi alikuwa anahesabu.