Sahani ya Tatu

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake wa wiki, yaani tovuti ya kuhaririwa na wengi kama Wikipedia, na mitambo ya nyumba ilitii ukurasa. Ndugu yeyote aliruhusiwa kuuhariri. Kwa hiyo Mwanaidi, aliyetunza programu-jalizi, vijiprogramu vya kuziongezea uwezo wiki hizo huria, kwa mapenzi tu, alipouona mkono wa roboti wa jikoni ukipanga sahani tatu mezani, alijua wa kumlaumu. Ukurasa ulisema: "Watu wa nyumba hii: watatu." Nao walikuwa wawili, yeye na mumewe, Shekue.

Akampigia simu mama mkwe wake aliyeishi Tanga.

"Shikamoo, mama. Ni wewe uliyetuongezea mtu?"

"Marahaba. Chumvi ya mchuzi niliipunguza mimi, sikatai. Lakini watu? Watu anaongeza Mungu, mwanangu."

Mwanaidi akacheka, akafungua historia ya ukurasa. Mhariri hakuwa binadamu. Alikuwa Kisahihishi, programu-jalizi yake mwenyewe, aliyoifundisha juzi kurekebisha habari zilizopitwa na wakati. Chini yake ilikuwa imeandikwa: "Chanzo: choo cha nyumba, kipimo cha mkojo cha asubuhi."

Akakaa. Mkono wake ukaenda tumboni wenyewe, akatabasamu. Alifute badiliko lile, walau mpaka Shekue arudi? Lingerudi tu, maana yeye ndiye aliyeifundisha Kisahihishi isichoke kusema kweli. Tena ukoo mzima ulipata taarifa ya kila badiliko.

Shekue alipofungua mlango, vigelegele vya ukoo vilikuwa vimejaa simuni mwa Mwanaidi.

"Kuna nini?" akauliza, na Tanga nzima ikamjibu kabla ya mkewe.