Ua la Njano Nyuma ya Zizi

Siku hizi kule Siberia sheria ni moja: palipoota mmea adimu, watu wanahama. Ndiyo maana Tuyaara, mtafiti wa mimea, akienda kwa mama yake, majirani hujifungia kama wameona mgambo.

"Umekuja kutusalimia au kutuhamisha?" mama alimtania, akimmiminia chai ya maziwa.

"Kusalimia tu, mama."

Lakini nyuma ya zizi alikuta ua la njano ambalo wataalamu wote walidhani limeshatoweka duniani. Alipiga magoti, machozi ya furaha yakamtoka. Kisha akamsikia mama akiwaita ng'ombe wake kwa majina.

Akaling'oa na mizizi yake, akalitafuna lote.

Mama alipoiona midomo yake imepakaa njano, akamsogezea mkate.

"Shushia na huu, mwanangu. Lile langu la juzi lilikuwa chungu zaidi."