Kiti Mlangoni

"Kile kiti jana hakikuwepo," alisema msimamizi wa ujenzi.

Mpiga picha hakuinua uso. Alikuwa amepiga magoti juu ya paa la ghorofa, akining'iniza mfuko wa mchanga kati ya miguu mitatu ya kamera, upepo usije ukaiyumbisha. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba ndogo ya kijani iliyobabuka rangi. Mbele yake tingatinga lilikuwa tayari. Mlangoni, kiti cha mbao, peke yake.

"Nimwambie kijana akitoe?"

"Kiache. Kinaonyesha ukubwa wa nyumba. Bila kiti, watu watadhani mmebomoa banda la kuku."

Msimamizi akacheka. Alimkubali huyu dada mpiga picha. Kazi aliiomba mwenyewe, na mipango yote alikuja nayo: picha moja kila sekunde kumi, kwa miezi minane, kisha zote zibanwe ziwe dakika mbili. Nyumba ianguke, ghorofa kumi ziote kama uyoga. Na kila picha iruke papo hapo kwenye ukurasa wa kampuni. Wakubwa walitaka watu washuhudie, na watu elfu tatu walikuwa wameshakaa mkao wa kutazama.

"Na mimi nitaonekana?" Aliiweka sawa kofia yake mpya ya kazi. "Mama yangu atanitafuta humo."

"Ukitembeatembea utakuwa kama inzi tu. Kwenye kazi hii, kaka, anayeonekana ni anayetulia."

Dada akatazama saa. "Tungoje kidogo. Saa tatu kasorobo jua litafika dirisha la jikoni."

"Umejuaje kama ni la jikoni?"

"Si unaona masizi?"

Msimamizi akakaza macho. Masizi hakuyaona, lakini yeye hakuwa mpiga picha.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" dada aliuliza.

"Yule bibi? We! King'ang'anizi kama kupe. Miaka minne kagoma kusaini. Na amri ya mahakama inasema tubomoe ikiwa tupu, naye hatoki hata kwenda dukani. Lakini Mungu si Athumani. Juzi kaenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Akirudi na macho mapya, atakuta uwanja mpya!"

Akangoja dada acheke. Dada alikuwa akifuta lenzi kwa mara ya tatu. Umande wa asubuhi, msimamizi aliwaza.

"Una hakika ni tupu?"

"Nimekagua mwenyewe jana jioni. Hata mjusi hayumo."

Jua likagusa dirisha. Dada akabonyeza kitufe. Klik. Akaifungia kamera ndani ya kisanduku chake, akapiga kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Klik.

"Dereva, anza!" msimamizi aliamuru kwenye redio.

Tingatinga likanguruma, likanyanyua koleo lake. Halafu likasimama.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefunguka, kwa ndani. Bibi mmoja alitoka polepole akipapasa ukuta, jicho moja limefunikwa bandeji nyeupe. Akakalia kiti, akaweka mikono magotini, akainua uso kuelekea paani.

Klik.

"Zima! Zima hiyo kitu!" Simu ya msimamizi ilikuwa imeshaanza kuita.

Mpiga picha alikuwa amesimama ukingoni mwa paa, viganja vyote viwili mdomoni.

"Tulia hivyohivyo, bibi yangu!" aliita. "Unaonekana vizuri!"