Mtaa Uliotimiza Mwaka

Tumebakiza nusu saa tu! Ikifika saa kumi alasiri, mtaa wetu utatimiza mwaka mzima bila mtu kwenda kitengo cha dharura, na hospitali itatupa zawadi ya maji ya bure mwaka ujao wote. Sheria inaikataza hospitali kumrudisha mgonjwa aliyefika getini. Haiikatazi kuutuza mtaa ambao hakuna mkazi wake aliyefika.

Pilau inanukia hadi barabarani, nami nimevaa doti mpya ya kanga. Nampelekea mama mkwe, Bi Mwatumu, sahani yake barazani. Namkuta ameshika kifua, jasho linamtiririka.

"Mama, vipi tena?"

"Kiungulia tu, mwanangu. Zimebaki dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Basi nitavumilia," anasema, midomo imempauka.

Majirani waliosikia wanampigia vigelegele. Na mimi pia.