Maneno ya Mshauri

Mshauri wa shule alimwambia Hemedi apige magoti kila anapotaka kuzungumza na binti yake, ili macho yao yalingane, kisha ataje kile anachohisi mtoto. Zawena alikuwa na miaka saba. Wenzake aliongea nao vizuri tu, lakini kwa baba yake alikuwa kimya tangu siku mama yake alipohama.

Hemedi aliona hayo ni maneno ya watu wasiobeba matofali. Hata hivyo jioni hiyo alirudi kutoka kazini, mgongo ukimuuma, akapiga magoti jikoni mbele ya Zawena aliyekuwa akichambua mchele.

"Naona umekasirika, mwanangu," alisema, kama alivyofundishwa.

Zawena aliendelea kuchambua.

"Naona una huzuni."

Hemedi alitafuta neno la tatu, hakulipata.

"Mimi nimechoka, Zawena," alisema mwishowe. "Hata hizo nywele zako sijui nizifanye nini."

Mtoto aliinua macho, akamtazama kwa muda.

"Zinafumuliwa kwanza," alisema. "Polepole. Ukivuta zinauma."

"Basi nielekeze."

Zawena aliweka ungo chini, akaja kukaa mbele yake, akampa mgongo. Hemedi hakuthubutu kubadilisha mkao, ingawa magoti yaliwaka moto. Alishika msuko mmoja kwa vidole vyake vilivyopasuka kwa saruji, akautafuta mwisho wake.